Miaka Yetu Kwenye Kamba ya Katani

Wanangu wamezaliwa Leipzig, Ujerumani, na jina la Hans Meyer walilijua kabla ya jina la Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi. Meyer aliishi mji huohuo, na mwaka 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro. Mimi nilitaka wajue kwamba mlima ulikuwa na wenyewe. Kwa hiyo likizo hii, nyumbani kwa mama yangu Moshi, tumetengeneza mstari wa wakati: kamba ya katani iliyozungushwa barazani, kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni, na vibanio vya nguo.

Wazazi wenzangu mlioko nje, msipuuze vipimo. Ukiyapanga matukio kwa nafasi sawa, haya yakiwa yamepishana miaka mitatu na yale miaka mia, mtoto anaambulia orodha ya kukariri. Sisi kila mwaka tuliupa sentimita 5. Tulianzia 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoiona theluji ya mlima, na kamba ikakaribia mita 9.

Mwanangu wa miaka kumi alipima utawala wa Wajerumani, kuanzia 1885 hadi 1916 Waingereza walipoichukua Moshi. Mita 1 na sentimita 55. Akamsimamisha bibi yake ukutani akampima: karibu sawa. Kisha akapima umri wa Bibi, aliyezaliwa 1948, akakuta unakizidi kile kipande zaidi ya mara mbili. Hakuamini, akapima tena. Kule shuleni wakoloni wanavyotajwa, alidhani walikaa hapa karne nzima.

Ndani ya kipande hicho kuna kadi nzito kuliko zote. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, Old Moshi, pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Binti yangu aliuliza, "Baba, kiko kwetu?" Kwetu, yaani Ujerumani. Nilimjibu kwamba watu wanaamini hivyo, na kwamba kinatafutwa. Najua wapo wazazi wanaoona mtoto asiambiwe mambo haya. Mimi naona mtoto anayekulia Ujerumani ndiye hasa wa kuambiwa mapema, akiwa amezungukwa na ndugu zake, asije akayakuta darasani peke yake.

Baada ya hapo Bibi akashika usukani. "Wekeni kahawa," akasema, "ndiyo iliyomsomesha baba yenu." Tukaandika 1933, mwaka ulioanzishwa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kadi ya tarehe 9 Desemba 1961 aliibana mwenyewe, kwa sababu alikuwa msichana wa miaka 13 Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge wa uhuru kileleni, na anakumbuka walivyokesha wakiimba. Sentimita chache mbele ikaja 1967, Azimio la Arusha. Kwa hilo tuliwapeleka Arusha kwenye makumbusho yake, maana maelezo yangu hayakuwatosha.

Binti yangu akataka kubana nyayo za Laetoli, za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili kaskazini mwa Tanzania, zenye umri wa miaka milioni 3.6. Tukapiga hesabu: kwa kipimo chetu, kamba ingehitaji kilomita 180. Ingetoka Moshi, ipite Arusha, ipite Makuyuni, na bado iendelee.

Sasa tunashughulikia upande wa kushoto, kabla ya 1848. Pale wengi huacha patupu kwa kuwa hakuna tarehe, na mtoto anadhani hapakuwa na watu. Lakini mifongo, yaani mifereji ya maji ya mashambani, ilichimbwa na mikono ya watu wa hapa, na Bibi anaweza kutaja majina ya ukoo kutoka kwa baba yake kurudi nyuma. Kila jina tumelipa kadi yake kwa mpangilio anaoutaja, na pa kuandikia mwaka tumepaacha wazi. Wiki hii tunamwendea shangazi yake wa Kibosho, mkubwa kuliko wote waliobaki, atuongezee mengine.