Biti za dhahabu zilizokufa asubuhi moja

Jumanne kijana wangu wa karakana aliniletea biti tatu za kutobolea chuma, za milimita 12, zile za rangi ya dhahabu, akazipanga mezani kama maiti. "Fundi, tumepigwa. Hizi feki." Kazi yenyewe flanji, zile sahani za kuungia mabomba, za chuma cha pua aina ya 304, matundu manane kila moja. Hata ya kwanza haikuisha.

Nilikuwa tayari kumpigia muuzaji nimpe maneno yake. Salio likanikatalia, nikachukua lenzi.

Dhahabu ilikuwepo bado, inang'aa mfereji mzima, ule unaozunguka biti. Kilicholiwa ni pembe ya nje ya ncha, imebaki duara jeusi. Chuma cha chini ndicho kilicholegea, koti, yaani hilo tabaka la dhahabu, likakosa pa kushika, likameguka. Ni kama lami iliyomwagwa juu ya udongo usioshindiliwa: lori la kwanza likipita inapasuka, na watu wanailaumu lami.

Koti hilo ni titani naitraidi, unene maikroni (elfu moja ya milimita) 2 hadi 4 tu. Ni gumu zaidi ya mara mbili ya haispidi, chuma chenyewe cha biti, ila mzigo haubebwi nalo. Haispidi ikivuka nyuzi joto 600 za Selsiasi inalainika, na pembe ya nje, kwa kuwa ndiyo inayokimbia kuliko sehemu zote, huungua mwanzo.

Nikamuuliza spidi. "Mizunguko 1,200 kwa dakika." Hapo pembe ya nje inakimbia kama mita 45 kwa dakika! Kwenye 304 mimi huenda 15, yaani mizunguko 400. Mafuta je? Alikuwa anapaka kwa brashi. Tena alikandamiza kwa woga, biti ikawa inasugua badala ya kukata, na 304 ukiisugua inazidi kuwa ngumu hapohapo.

Ya tatu ina kisa chake. Aliinoa kwenye grenda mpaka ikawa bluu, akaichovya kwenye ndoo ya maji, chwaa! Ukingoni kuna nyufa nyembamba kama nyuzi za buibui. Kunoa si kosa; dhahabu hutoka mgongoni mwa ncha, ya mferejini inabaki na inaendelea kusaidia. Ndoo ndiyo iliyoiua.

(Simtetei kila muuzaji. Zipo biti zenye rangi ya dhahabu tu, koti hamna. Hizi lilikuwepo.)

Ya nne tumeiendesha kwa 400, maji ya kupoozea yanamwagika muda wote, mkono umekaza. Flanji mbili, matundu 16, na ncha bado kali. Kijana anasema hiyo ilitoka paketi nyingine.