Diski niliyoichomoa mapema

Ilianza kwa sauti. Tk. Kimya. Tk, tk. Kila nilipofungua folda ya sauti za babu, kompyuta yangu ya mezani iliganda kwa sekunde kumi hivi, na ndani ya kasha kukasikika kitu kama ukucha unaogonga meza. Aliyewahi kufiwa na diski anaijua sauti hiyo. Yangu ilikuwa ya gigabaiti 320, ya zile zenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na ndiyo iliyobeba Windows 10 pamoja na kila kitu changu.

Ilikuwa Mei 2020. Ubuntu 20.04, mfumo mmoja wa aina ya Linux, ilikuwa imetoka tarehe 23 Aprili, nami nilikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuwa na mifumo miwili: Windows kwa ajili ya programu ya hesabu ninayofanyia kazi, ambayo haikubali kukaa kwingine, na Linux kwa ajili ya kujifunza kuandika programu. Nikanunua SSD mbili, diski za kisasa zisizo na sahani za kuzunguka, ya gigabaiti 250 kwa ajili ya Windows na ya 500 kwa ajili ya Ubuntu. Ile ya zamani ningeipumzisha. Kabla ya kugusa chochote nilinakili faili zote kwenye diski ya nje, zikahama zote isipokuwa moja: dakika 40 za babu akisimulia alivyojifunza kuendesha baiskeli. Kunakili kulifika theluthi mbili, kukakwama. Nikajaribu tena, kukakwama palepale. Baada ya mara ya tatu niliacha, maana kila jaribio lilikuwa likiichosha diski ambayo tayari ilikuwa mgonjwa.

"Dada, kwa nini usiweke mifumo yote kwenye diski moja?" mdogo wangu aliuliza. Ndiye aliyekuwa akinishikia tochi.

Nilimwambia inawezekana kabisa, watu wengi hufanya hivyo, unaigawa diski vipande viwili basi. Lakini nilitaka kila mfumo uwe na kwake. Diski moja ikifa, mwenzake abaki hai. Ukitaka kuufuta mmoja, usiuguse mwingine. Bado naamini hivyo.

Tulilaza kasha ubavu, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini ushukie pale badala ya kushukia kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta. Vumbi lilikuwa limeshikamana na feni kama sufi. Mdogo wangu alishangaa alipoipima SSD kiganjani, kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Hakuna sahani ndani, hakuna sindano, hakuna kinachozunguka. Ni nyembamba pia, inchi 2.5, na vyumba vya kasha langu vilitengenezwa kwa diski za inchi 3.5, kwa hiyo ilibidi kuzifunga kwanza kwenye fremu ndogo, skrubu nne kila moja, kwa bisibisi ya nyota. Kebo za SATA zenyewe, zile zinazounganisha diski na ubao mama, hazihitaji nguvu. Mdomo wake una umbo la herufi L, hauingii kinyume, na ukikaa sawasawa unasikia kibano cha chuma kikilia "ka". Mdogo wangu alizichomeka zote mbili mwenyewe, na kila mara alinitazama kuhakikisha kama nami nimesikia.

Nilisakinisha Windows upya kwenye SSD ya kwanza kwa flashi, kisha Ubuntu kwenye ya pili. Diski ya zamani niliiacha imechomekwa wakati wote huo. Kwenye ukurasa wa kuchagua diski nilisoma ukubwa wake mara mbili mbili ili nisifute isiyofaa, na nilichagua sawa. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nzima kuamka sasa ilikuwa tayari kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Tulikuwa na furaha, sifichi. Menyu ya GRUB, programu inayokuuliza uwashe mfumo upi, ilitokea, Ubuntu juu, Windows chini, na mdogo wangu akawa anaizima na kuiwasha ili tu achague.

Siku ya tatu niliona ni wakati wa kuipumzisha diski ya zamani, niitunze hadi nipate njia ya kuitoa ile sauti ya babu. Nikachomoa kebo yake, nikawasha.

Skrini nyeusi. Mstari mmoja wa herufi nyeupe ukinitaka nichomeke diski yenye mfumo.

Niliingia kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo wowote. SSD zote mbili zilikuwepo, majina na ukubwa wake vikionekana wazi. Lakini kwenye orodha ya vitu vya kuwashia hapakuwa na Windows wala Ubuntu. Nikairudisha ile diski mbovu, na mara menyu ikaja kama kawaida. Tk, tk, ikanisalimu.

Jibu lilionekana nilipofungua ukurasa wa Windows unaoonyesha diski na vipande vyake. Kompyuta ya UEFI haiendi moja kwa moja kwenye mfumo; kwanza hutafuta kipande kidogo cha aina ya FAT32, kipande cha EFI, ambamo mna faili za kuwashia. Kwenye diski yangu ya zamani kilikuwepo, cha megabaiti 100. Kwenye SSD zote mbili hakikuwepo kabisa. Windows ilipokuwa ikisakinishwa ilikuta kipande hicho tayari, ikaweka faili zake humo badala ya kuunda kingine. Ubuntu nayo ikafuata njia hiyohiyo. Nilikuwa nimejenga nyumba mbili mpya, imara, na mlango wa zote mbili nimeuacha kwenye ukuta unaobomoka. Nilikaa nikikitazama kile kipande cha megabaiti 100. Laiti diski ingekata roho usiku ule, nisingeweza kufungua chochote, na sauti ya babu ingekwenda nayo. Kila tulipoizima na kuiwasha kwa raha zetu, tulikuwa tukiizungusha ile diski bure.

Nilichofanya baadaye ndicho ningemshauri yeyote afanye tangu mwanzo. Ndani ya Windows nilipunguza kidogo sehemu ya C kwenye SSD, nikafungua diskpart, programu ya kugawa diski, nikaunda pale kipande kipya cha EFI, nikakipa herufi S, kisha nikaandika amri ya kuweka humo faili za kuwashia Windows: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Sekunde chache tu. Nikazima, nikachomoa diski zote isipokuwa SSD ya Windows, nikawasha. Ikaamka peke yake. Mdogo wangu alipiga makofi. Mimi nilikaa sakafuni.

Kisha nikachomoa ya Windows, nikachomeka ya Ubuntu peke yake, nikaisakinisha upya. Ilikuwa na siku tatu tu, sikupoteza kitu. Safari hii haikuwa na pa kujishikiza ila kwake mwenyewe, ikaunda kipande chake cha EFI, cha megabaiti 512. Ndipo nikazirudisha zote mbili, nikaendesha sudo update-grub, nayo ikaiona Windows na kuiweka kwenye menyu. Kulikuwa na madogo mengine: saa ikawa inapishana kila nikihama mfumo, kwa sababu Linux huichukulia saa ya ubao mama kuwa ya Greenwich na Windows huichukulia kuwa ya pale ulipo. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 iliyamaliza. Na ilibidi nizime ule uwashaji wa haraka wa Windows, kwani ukiuacha Windows haizimiki kikamilifu, na Linux inaweza kugoma kuandika kwenye sehemu yake.

Ilibaki diski ya zamani. Sasa hakuna kilichoitegemea, kwa hiyo niliichomeka kwa kazi moja tu. Kwenye Ubuntu kuna programu iitwayo ddrescue, ambayo huisoma diski nzima kama ilivyo, huchukua kwanza sehemu zilizo nzima, kisha hurudi kwenye mbovu na kuzijaribu tena na tena, huku ikiandika ramani ya ilipofikia. Niliiacha ikifanya kazi usiku, nakala ikielekea kwenye ile SSD ya gigabaiti 500. Asubuhi ilikuwa imebakiza kilobaiti 24 zisizosomeka.

Nilimwamsha mdogo wangu kabla sijaifungua faili. Babu alikohoa, akaanza kueleza ile baiskeli ilivyokuwa kubwa kumzidi. Kwenye dakika ya 27, aliposema jinsi alivyoshuka mteremko akitafuta breki, sauti ilikatika katikati ya neno, chini ya sekunde moja, kisha akaendelea, anacheka.

"Rudisha nyuma, Dada," mdogo wangu alisema. Nikarudisha.