Vipele Nyuma ya Ulimi

Mwaka 2022 majibu ya mke wangu yalitoka: kirusi cha HPV, kile kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kipo, dalili za saratani yenyewe hakuna, arudi kupimwa baada ya mwaka. Aliyempa karatasi alimwambia tu kwamba hayo ni maambukizi ya ngono, kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Mama Zawadi akaja nayo nyumbani Mbagala, akaiweka mezani, akaingia chumbani. Kumuuliza kakipata wapi nilishindwa, na nadhani swali hilohilo yeye alikuwa nalo juu yangu.

Usiku nikasoma kwenye simu kwamba kirusi hicho hukaa hata kooni, na kwamba aina ya 16 inahusishwa na saratani ya koo. Usingizi ukaisha. Nikaenda bafuni, nikamulika kinywa kwa tochi ya simu, nikautoa ulimi mpaka nikataka kutapika. Kule nyuma kabisa nikaona vipele vikubwa vya mviringo, vimejipanga kwa mstari. Nilikuwa na hakika ndio wenyewe. Nikaacha kula sahani moja na mwanangu. Mke wangu nikamkwepa mdomo, naye akaelewa vingine kabisa.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mama mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa na mtu wa umri wake: navuta sigara? Nakunywa pombe? Mimi na mwenzangu tunatumia mdomo tunapokutana? Aliuliza vyote kwa sauti ileile, na hiyo ndiyo iliyonifungua kinywa. Akavaa glovu, akaushika ulimi wangu kwa kipande cha shashi, akauvuta, akapapasa pande zake, mafindofindo, halafu shingo nzima akitafuta uvimbe.

“Hivi vipele umezaliwa navyo, baba. Hata mimi ninavyo. Ndivyo vinavyoonja ladha.”

Nikamwomba anipime kirusi. Akasema kwa mtu asiye na dalili hakuna kipimo cha mdomo ambacho kingemsaidia kuamua lolote, wala hakuna dawa ya kukiua. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache kinabaki, na saratani, ikitokea, huja baada ya miaka mingi. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe shingoni, sauti kukauka bila kurudi, kumeza kwa maumivu upande mmoja: nikiona lolote kati ya hayo, nirudi haraka. “Na kula na mwanao. Sahani haina kosa. Wa kufuatiliwa hapa ni mkeo, asikose tarehe yake.”

Nikiwa mlangoni nikamuuliza lile lililonileta hasa: nani kamwambukiza mwenzake?

“Hakuna anayeweza kukuambia. Kinaweza kukaa kimya miaka, tangu hamjajuana. Hiyo karatasi si ushahidi wa mtu kutoka nje.”

Maneno hayo nilimfikishia Mama Zawadi jioni ileile, kama yalivyo. Akaniambia niyarudie. Nikayarudia. Ndipo akalia, akaniuliza kwa nini yeye hakuelezwa hivyo siku ile alipopewa karatasi. Jibu sikuwa nalo, na hasira ya siku hiyo bado ninayo.

Tarehe yake ilipofika tulikwenda wote wawili. Zawadi alichanjwa chanjo ya HPV shuleni mwaka 2024, Tanzania ilipohamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo ni ya nini, mama yake alikuwa ameshamweleza.