Kutoka Ouessant hadi Wandelaar: njia moja ya meli, walinzi wa pwani wa nchi nne

Zikiwa zimebaki maili 40 za baharini kufika kisiwa cha Ouessant, ncha ya magharibi kabisa ya Ufaransa, ofisa wa zamu aliweka redio moja ya VHF kwenye chaneli 13 na kuita Ouessant Traffic, kituo cha Wafaransa cha kusimamia meli. Redio ya pili aliiacha chaneli 16, ya wito wa dharura, ambako haitoki. Tulikuwa tunatokea Ghuba ya Biscay kwenda Antwerp, na meli yoyote ya tani 300 za ujazo au zaidi inayoingia kwenye duara hilo la maili 40 inalazimika kujitambulisha.

Ripoti hufuata herufi zilizopangwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO. A ni jina la meli na alama yake ya wito, C ni mahali ilipo kwa latitudo na longitudo, E ni mwelekeo, F ni kasi, G bandari iliyotoka, I inakokwenda, O kina cha meli ndani ya maji, P shehena ya hatari, Q hitilafu, W idadi ya watu waliomo. Q ndiyo inayofichwa. Nahodha mwenye pampu mbovu ya usukani hutamani kuipita kimyakimya, maana akiitaja huenda akafuatwa na boti ya kuvuta au akasubiriwa na wakaguzi bandarini. Pwani hii inajua gharama ya kuchelewa kusema. Tarehe 16 Machi 1978 usukani wa meli ya mafuta Amoco Cadiz ulikufa karibu na hapa, mazungumzo ya kuivuta yakaburuzwa, na usiku ikakwama kwenye miamba ya Portsall. Ikamwaga takriban tani 220,000 za mafuta ghafi. Baada ya hapo njia za meli zilisogezwa mbali zaidi na nchi kavu.

Tulipofika mbele ya Cherbourg, kwenye njia za Casquets, tuliita Jobourg Traffic, vilevile chaneli 13. Hapo mambo yalikwenda haraka.

Mlango wa Dover ndipo penye kazi. Upana wake mahali pembamba ni kilomita 33 tu, na zaidi ya meli 400 hupita kwa siku, bila kuhesabu mashua za uvuvi na za starehe. Mfumo wa kutenganisha njia ulianza hapa mwaka 1967, wa kwanza duniani, ukiwa wa hiari. Kanuni za kuzuia migongano zilipoanza kutumika mwaka 1977, kuufuata kukawa lazima. Kila meli hushika kulia. Sisi tulikuwa tunapanda kaskazini-mashariki, kwa hiyo njia yetu ilikuwa upande wa Ufaransa. Wanaoshuka kusini-magharibi hupita upande wa Uingereza. Kazi ya kusikiliza imegawanywa hivyohivyo: wanaopanda huripoti Gris-Nez Traffic kwa chaneli 13, wanaoshuka huripoti Dover Coastguard kwa chaneli 11. Unaripoti upande mmoja tu, na mwenzake anaipata. Sisi tulipiga tulipokuwa sambamba na boya la Bassurelle, na baada ya hapo hakuna aliyetuuliza tena jina.

Tangazo la hali ya njia nalo lina zamu. Gris-Nez husoma kwenye chaneli 79 dakika ya 10 ya kila saa, Dover kwenye chaneli 11 dakika ya 40. Macho yakishindwa kufika maili 2, kila mmoja huongeza tangazo, dakika ya 25 na ya 55. Hivyo kwenye ukungu hukai nusu saa bila sauti ya nchi kavu kukutajia nani anakwenda kinyume cha njia, boya lipi limezimika na meli ipi haitawaliki. Saa zote ni za UTC, saa ya kimataifa. Ufaransa iko saa moja mbele ya Uingereza mwaka mzima, na ujumbe wa "tulimwona saa 3:20" usiotaja saa za wapi unatosha kupoteza saa nzima ya kutafuta.

Feri za Dover na Calais hukata njia zote mbili. Kanuni ya 10 ya kuzuia migongano inataka anayevuka aelekeze omo yake, yaani pua ya meli, kwa pembe ya mraba na njia. Kinachopimwa ni omo, hata kama mkondo unamsukuma kando na alama yake kwenye rada inakwenda mshazari. Wageni wengi hapa hukosea kwa kusahihisha mkondo, wakavuka kwa mshazari na kukaa njiani muda mrefu zaidi. Pia kuwa ndani ya njia hakukupi haki ya kupita kwanza. Feri iliyotoka Dover ilitujia kutoka kushoto, ikatuona upande wake wa kulia, ikapita nyuma yetu. Iliyotoka Calais ilitujia kutoka kulia, kwa hiyo sisi ndio tuliogeuza kulia na kuiachia maji. Gris-Nez walinyamaza muda wote. Wao hutoa taarifa na onyo. Usukani hubaki kwa nahodha.

Kaskazini zaidi, mbele ya fungu la Sandettie, ndiko maji ilikolala Tricolor. Tarehe 14 Desemba 2002, kwenye ukungu, meli hiyo yenye magari 2,862 ndani iligongana na Kariba ikazama ubavu. Kina cha pale ni takriban mita 30 na upana wa meli ni mita 32, hivyo ubavu wake ulibaki karibu kabisa na uso wa maji. Mabaya yalifuata baadaye: tarehe 16 Desemba Nicola ikaupanda mzoga huo, na tarehe 1 Januari 2003 Vicky, meli ya mafuta, ikafanya vilevile ingawa maboya, meli za ulinzi na matangazo ya redio vilikuwapo. Mwaka 1971 mkosi kama huo ulikuwa mkali zaidi: Texaco Caribbean iligongwa na Paracas tarehe 11 Januari, Brandenburg ikajigonga kwenye mabaki siku iliyofuata ikazama, na mwezi uliofuata Niki ikazama palepale na baharia wake wote.

Sababu ni ya kawaida sana. Alama mpya haijaingia kwenye ramani ya meli iliyo safarini, na ofisa akiona maboya mengi ya rangi alizozizoea hudhani ni ya siku zote. Ndiyo maana likabuniwa boya la dharura la mzoga, lenye mistari ya wima ya buluu na manjano na taa inayobadilishana buluu na manjano, sekunde moja kila rangi, giza nusu sekunde katikati. Halifanani na boya lolote lingine baharini. Ukiliona, maana yake pana kitu ambacho ramani yako haijakijua.

Uokoaji nao una mpaka wake, mstari unaogawa eneo la kila nchi katikati ya mlango. Kanuni yake ni nyepesi kuisema: kituo kilichopokea wito kwanza kinabaki na jukumu, hata kama mahali ni pa jirani, mpaka jirani atamke kwamba amelipokea. Kutuma ujumbe si kukabidhi. Wito wa dharura wa kidijitali wa chaneli 70 humsaidia mpokeaji kwa sababu hubeba namba ya meli na mahali ilipo, na namba ya kituo cha pwani huanza na 00 ikifuatwa na tarakimu za nchi, 232 kwa Uingereza, 227 kwa Ufaransa. Mashua ya mpira ya wahamiaji haina chochote cha hayo. Haina taa wala kiakisi cha rada, na simu iliyomo hudaka mnara wa nchi yoyote wenye nguvu kwa wakati huo, ikahama tena baada ya robo saa. Watu walewale huweza kuorodheshwa pande mbili kama mashua mbili, au mashua mbili zikahesabiwa moja. Usiku wa kuamkia 24 Novemba 2021 watu wasiopungua 27 walikufa maji humu. Wito wao ulikuwa umekwenda pande zote mbili.

Hata pale kila mtu anapojibu upesi, tarakimu huvuruga. Chukua latitudo 51°01.50', yaani dakika na sehemu zake. Akiisoma mtu kama dakika 1 na sekunde 50, ameisogeza theluthi moja ya maili, kama mita 600. Akiandika 51.0150 kwa digrii za desimali, amekosea kwa zaidi ya kilomita moja. Kichwa cha mtu ndani ya mawimbi hakionekani umbali huo. Ongeza mkondo: wakati wa bamvua maji hapa hukimbia noti 3 na zaidi, yaani maili 3 za baharini kwa saa, kwa hiyo dakika 40 za kuulizana ni maili 2 za kupeperuka. Mratibu mzuri humwamuru aliyeita asome tarakimu moja moja, ataje mfumo wake na saa ya UTC ya kipimo, kisha yeye mwenyewe azirudie.

Boti za kuvuta zinaonyesha ushirikiano unavyolegea. Kuanzia mwaka 2000 Uingereza na Ufaransa ziligawana gharama za boti moja kubwa, Anglian Monarch, ikisubiri humu mwaka mzima. Uingereza ikaacha mpango huo mwaka 2011 kwa ajili ya fedha, na Ufaransa ikaweka yake Boulogne. Hesabu yenyewe haijabadilika. Meli iliyozimika injini na kupeperuka kwa noti 2 ina saa 3 kabla ya kufika kwenye fungu lililo maili 6. Boti ya kuvuta inayokwenda noti 14 iwe imelala ndani ya maili 42, na kamba bado haijafungwa. Kwa maoni yangu kukata gharama hapo ni kukopa bila kujua utalipa lini.

Upande wa kukamata wahalifu mkono ni mfupi zaidi. Mkataba wa Sheria ya Bahari, ibara ya 111, unaruhusu kufukuza chombo hadi bahari kuu mradi ufukuzaji usikatike na ishara ya kusimama iwe imetolewa kikiwa umbali wa kuiona au kuisikia. Haki hiyo hufa pale kinapoingia bahari ya taifa jingine. Hapa Dover bahari za nchi mbili zinagusana, kwenye mpaka uliokubaliwa mwaka 1988, kwa hiyo hakuna bahari kuu katikati ya kufukuzia. Dawa ni kumpa jirani mwelekeo na kasi mapema, akiwa bado na nafasi ya kukatiza mbele. Marekani na Kanada zilitafuta njia nyingine mwaka 2009: maofisa wa nchi zote mbili hupanda boti moja, na kila mmoja huwa na mamlaka upande wake wa mpaka.

Tulipokaribia West Hinder, mbele ya pwani ya Ubelgiji, ndege ndogo ya Ubelgiji ilipita chini, ikizunguka utando wa mafuta. Nchi za Bahari ya Kaskazini hupima mafuta kwa rangi chini ya Mkataba wa Bonn wa kupambana na uchafuzi wa bahari. Utando wa fedha ni lita 40 hadi 300 kwa kilomita ya mraba, wa upinde wa mvua 300 hadi 5,000, wa kung'aa kama chuma 5,000 hadi 50,000. Tuseme eneo ni kilomita za mraba 4, nusu yake ina mafuta, na ya hiyo nusu asilimia 90 ni fedha, 10 ni chuma. Fedha inatoa lita 72 hadi 540. Kile kipande kidogo cha chuma kinatoa 1,000 hadi 10,000. Kiwango cha chini hutumika mahakamani, cha juu hutumika kuamua meli ngapi za kusafisha zitoke. Kwa kuwa kipimo ni kimoja, ripoti ya rubani Mbelgiji inatumika Uholanzi bila kupimwa upya.

Huko Wandelaar, kituo cha marubani wa meli baharini mbele ya Ubelgiji, rubani wa kutuongoza alipanda, redio ikahamia chaneli 65. Kutoka hapo hadi Antwerp meli hupita maji ya Ubelgiji, ikaingia ya Uholanzi mbele ya Vlissingen, ikarudi Ubelgiji kwa mto Schelde. Rada za kingo zote mbili ni mnyororo mmoja unaoendeshwa kwa pamoja, na kituo cha kuratibu kiko Vlissingen, Wafleming na Waholanzi wakikaa chumba kimoja. Tulipovuka mpaka hakuna aliyeutangaza. Rubani alisema tu tuhamie chaneli 14.