Mvunaji wa Desemba

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa utangazaji, mwaka wa pili, aliniletea kazi yake ya vitendo: video ya dakika tatu ya muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, aliyoirekodi kijijini huko Chamwino, Dodoma. Picha safi, sauti safi. Chini yake akaweka maandishi: "Akina mama wa Kigogo wakisherehekea." Nikamuuliza wanasherehekea nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego, kisha akasema, "Mwalimu, si wanacheza?"

Alama zake nilimpa. Lakini kipindi kilichobaki nilifundisha mdomo tu, mwenyewe kwa mawazo nilikuwa kijijini kwetu Mvumi, uani kwa Bibi.

Gari la watu wa TV lilikuja Desemba moja, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Niko likizo ya kidato cha pili, na kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kuchunga mbuzi na kujifanya msomi. Wenyeji wa Dodoma mnaijua Desemba. Jua bado linachoma, watu wanakagua mawingu, waliothubutu wameshapanda uwele kwenye vumbi na kumwachia Mungu. Ghalani kumebaki kidogo, na hicho kidogo kinapimwa kwa macho ya mama mwenye nyumba.

Wakateremka watu wanne na masanduku. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshapanga kila kitu: akina mama watapiga muheme, wageni watarekodi, soda zitatolewa. Bibi ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi. Mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyokuwa ikifika kisimani bila yeye kuinua shingo.

Kwanza wakagombana kuhusu moto. Ngoma zile huwa zinasogezwa kwenye moto wa mabua ili ngozi ikaze, na kila inapolegea zinarudishwa. Mpiga picha akasema moshi unamharibia picha, moto uzimwe. Ukazimwa. Bibi akapitisha kiganja juu ya ngozi ya ngoma yake, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akanyamaza. Akaibana mapajani, akaanza.

Hawajafika popote, kijana mmoja wa wale wanne, mwongozaji wa kipindi, akanyoosha mkono: wingu limepita, warudie. Wakarudia. Safari hii mtoto akakatiza mbele ya kamera. Wakarudia. Kisha akaja na lile lililowatoa watu jasho: "Bibi, sasa msianze mwanzo. Tuanzieni pale katikati, pale mabega yanapokolea."

Uwanja mzima ukatulia. Wanawake wakamtazama Bibi, naye akamtazama yule kijana kwa muda mrefu, bila hasira, kama anayetafuta ukoo wake usoni. Shanga zilizokuwa zikichezacheza shingoni mwake zikaacha kutikisika. Akaiachia ngoma taratibu ikasimama kwenye vumbi, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukokota:

"Kijana, ukikatishwa kulia msibani, ukirudi unaanzia palepale ulipoachia?"

Mwenyekiti akacheka kwa sauti kubwa ili ionekane ni utani. Mwongozaji naye akacheka. Akasema, basi, popote mtakapopenda, ila jua linakwenda.

Bibi akaibana ngoma tena. Akageukia wenzake, akasema maneno machache ya Kigogo ambayo sikuyanasa, nikaona tu shangazi mmoja akiziba mdomo kwa kanga. Ukaja wimbo ambao sikuwahi kuusikia, kwa sababu ulikuwa ukitungwa palepale. Bibi anatoa mstari, wenzake wanaupokea. Mgeni wetu ana jicho moja, nalo linawaka jekundu. Suruali imembana mgeni wetu, akiinamia jembe itachanika. Kazima moto wa wenyewe, kwake nani atamwashia? Ngoma zililegea, lakini mabega yalikwenda! Wanawake walikuwa wakizuia kicheko, na kile kicheko kilichozuiwa kiliwashukia mabegani.

"Hapohapo! Safi sana!" mwongozaji akapiga kelele. Akainua dole gumba. Hawakurudia tena.

Wakatoa soda, za moto, na noti moja ya elfu kumi wagawane kikundi kizima. Wakaondoka.

Siku ya kipindi ilipotangazwa tulijazana kwenye kibanda umiza cha sokoni, chenye dishi kubwa la chuma na jenereta ya petroli. Bibi akawekewa kiti mbele, hakulipa kiingilio. Tukavumilia matangazo ya sabuni, tukavumilia chenga, mara Bibi akatokea mwenyewe, na kibanda kikapiga vigelegele. Sekunde chache tu. Kisha sauti ya muziki ikashushwa, ikaja ya mtangazaji, nzito na tamu, ikisema kwamba akina mama hawa wanamshukuru Mungu kwa mavuno mema ya mwaka huu.

Watu walianguka. Mwenye kibanda alikimbilia nje akidhani jenereta imeshika moto. Bibi peke yake hakucheka. Aliniinamia. Kwa utani wa bibi na mjukuu, huwa ananiita mumewe.

"Mume wangu, huyu anayesema, yuko wapi? Siku ile hakuwepo."

"Yuko Dar es Salaam, Bibi."

"Na Dar wanavuna Desemba?"

Nimefundisha utangazaji miaka mingi sasa, na swali lile limeshinda vitabu vingi nilivyowahi kuwasomesha watu. Naelewa kwa nini sauti iliwekwa juu. Nchi ina makabila zaidi ya 120, redio na runinga zetu zinatangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, na nisingependa kuamka siku moja kila kabila lina kituo chake kinachomsema jirani. Hilo nalikubali. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba tamthilia za Kituruki tunazitafsiri mstari kwa mstari, mpaka kikohozi cha Sultani tunakitafutia mtu wa kukohoa, lakini mama wa Mvumi akiimba hatuna hata wa kumuuliza anasema nini. Tunamfunika. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, sawa, ila hapa aliyevuta hakuwa mwamba.

Hata hivyo, nikitulia, sina uhakika kama ninayo haki ya kulalamika kwa niaba ya Bibi. Angeulizwa na kutafsiriwa sawasawa, ule wimbo usingeingia hewani kamwe. Mhariri gani angeruhusu nchi nzima isikie habari ya suruali ya mwongozaji wake? Uzembe wao ndio uliompitisha. Kwa hiyo wanafunzi wangu niwaambie nini: ulizeni, au acheni watu wajifichie mambo yao mbele ya kamera zenu? Nilimwambia yule kijana arudi Chamwino akaulize. Sijui kama nilimshauri vizuri.

Bibi hakungoja ushauri wa mtu. Kesho yake, kisimani, ule wimbo uliongezwa ubeti wa mwenye sauti asiye na uso, anayevuna Desemba kabla watu hawajapalilia. Binamu yangu anasema mpaka leo wanauimba kwenye harusi. Watoto wanaoupokea hawajui huyo mvunaji ni nani. Wengi wanadhani ni mbunge.