Jinsi nilivyowapata wasioshika simu kabla ya uchaguzi wa 2022

Mwanamume wa makamo, wa mjini, mwenye simu yenye chaji na hamu ya siasa: huyo ndiye anayeshika simu mara ya kwanza. Mpigie saa nne asubuhi, atajibu maswali yote na kuuliza kama yapo mengine. Lakini rais hachaguliwi na yeye peke yake, na wiki za mwisho kabla ya Agosti 9, 2022 nilizitumia karibu zote kuwatafuta wale wengine.

Nilikuwa mhoji wa simu wa kura za maoni katika kampuni moja ya utafiti jijini Nairobi. Kwa kuwa nimezaliwa na kulelewa Kwale, nilipewa kaunti za Pwani, kuanzia Lamu hadi Taita Taveta. Wenzangu kwenye meza za jirani walihoji kwa Dholuo, Kikamba, Kikalenjin na Kisomali. Kompyuta ndiyo iliyochagua nambari na kuleta maswali kwenye skrini. Sisi tulisoma neno kwa neno. Majina ya wagombea wanne, William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Mwaure, yalibadilishwa mpangilio katika kila simu, ili asiwepo anayefaidika kwa kutajwa wa kwanza.

Watu huniuliza vipi watu 1,500 waliohojiwa watawasemea wapiga kura zaidi ya milioni 22. Wanaweza. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa ni kama asilimia 2.5 juu au chini. Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba kila aliyechaguliwa alipatikana, na alijibu. Haimhesabu aliyekata simu, wala aliye kijiji cha Tana River kisicho na mtandao, wala mama ambaye simu ya nyumba yao hushinda mfukoni mwa mumewe. Makosa ya aina hiyo hayapungui kwa kuongeza idadi ya watu. Hupungua mhoji akirudi kwa mtu yule yule hadi ampate, na hapo ndipo nilipoweka nguvu zangu.

Nambari isiyoshikwa, au isiyopatikana, ilitupasa kuirudia siku tofauti na saa tofauti kabla ya kuiacha. Kishawishi cha kuruka kwenda nambari nyingine ni kikubwa, maana malipo hufuata mahojiano yaliyokamilika. Mimi nilijiwekea ratiba kwa kufikiria siku ya mtu ilivyo. Julai ni kipindi cha kusi, upepo wa kusini, bahari imechafuka na vyombo vidogo haviendi mbali, kwa hiyo wavuvi wengi niliwapata mchana wakiwa ufuoni wanatengeneza nyavu. Wafanyakazi wa hoteli za Diani niliwapigia alasiri, baada ya chakula cha mchana cha wageni na kabla ya zamu ya jioni. Sikupiga Ijumaa adhuhuri, wala kati ya magharibi na isha. Baada ya isha, watu wameshakula na wametulia, simu zilishikwa kuliko saa nyingine yoyote. Nikamwomba msimamizi anihamishie zamu yangu jioni, akakubali.

Kushika simu ni jambo moja, kuendelea kuongea ni jingine. Kenya mtu akipigiwa na nambari asiyoijua na kuulizwa maswali, wazo la kwanza ni wakora wanaotaka pesa zake za M-Pesa. Na mwaka mmoja tu nyuma, 2021, Wakenya wengi walikuwa wamegundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Kwa hiyo swali la "Umetoa wapi nambari yangu?" lilikuwa swali halali, na nililijibu kikamilifu kila lilipoulizwa: jina langu, jina la kampuni, kwamba kompyuta ndiyo imechagua nambari, kwamba sitaki PIN wala nambari ya kitambulisho, na kwamba ana haki ya kukataa swali lolote.

Kwa wazee wa Pwani, hayo yote yalikuja baada ya "Shikamoo mzee." Nilingoja "Marahaba, mwanangu," nikauliza habari za nyumbani, ndipo nikajieleza. Msimamizi aliyekuwa akisikiliza simu zangu aliona ninapoteza dakika. Rekodi zilipoonyesha kwamba wazee wangu wanafika swali la mwisho bila kukata, akaniacha niendelee.

Kulikuwa pia na unga. Pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, na Julai 20 serikali ikatangaza itauzwa 100. Siku zilizofuata, kila nilipofika kwenye swali la tatizo kubwa linalomkabili mwananchi, niliulizwa mimi unga wa mia uko duka gani. Watu walikuwa na njaa na uchungu, na kuwakatiza haraka kungekuwa ukosefu wa adabu. Niliwasikiliza. Lakini sikusema "ni kweli" wala "pole, hawa viongozi wetu," kwa sababu mtu akishahisi uko upande gani, jibu linalofuata atalitoa kwa kukufurahisha. Nilisema "Nimekusikia, mama," nikasoma swali lililofuata kama lilivyoandikwa.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa wanawake wa vijijini. Nafasi za wanaume katika sampuli, yaani kundi la wa kuhojiwa, zilijaa mapema, za wanawake zikabaki. Mara nyingi mwanamume angesema, "Niulize mimi, nitamjibia." Nilimshukuru na kumweleza kwamba yeye akijibu, mkewe atakuwa hajahesabiwa. Wengine walimpa simu, kisha wakakaa pale pale. Unamsikia mama sauti imeshuka, kila jibu ni "ehe" au "sijui."

Hapo nikaanza kumwuliza kwanza: "Mama, uko mahali unapoweza kuongea kwa uhuru?" Akisema hapana, tulipanga saa nyingine, aghalabu asubuhi watoto wakishaenda shule. Na pale ambapo hapakuwa na saa nyingine, nilimwambia nitasoma majina manne, naye anitajie tu ni la ngapi. "La tatu," angesema, kwa sauti yake ya kawaida. Aliyekaa kando yake hakuweza kujua la tatu ni nani, maana mpangilio wa majina ulibadilika kila simu. Nilipomweleza msimamizi njia hiyo, aliijaribu kwenye simu zake mwenyewe, kisha akaagiza wahoji wote waitumie. Hakuna jambo katika kazi ile ninaloliona la thamani kuliko hilo. Mama wa Kinango, kule Kwale, ana kura moja kamili, sawa na ya mumewe.

Halafu kuna wanaosema "Kura ni siri yangu." Hao niliwaheshimu, ila nilikataa kuwaandika pamoja na "Bado sijaamua." Asiyeamua utamsikia akipima: huyu kwa hili, yule kwa lile. Anayeficha ameshaamua zamani. Ukiwaweka fungu moja na kuligawa kwa wagombea kwa uwiano wa waliojibu, umedai kwamba wanaoficha wanafanana na wanaosema. Ndiyo dhana nisiyoiamini kabisa, hasa mahali ambapo mgombea mmoja ana ngome na wa upande mwingine huona heri wanyamaze.

Sheria yetu ya 2012 inakataza kutangaza kura za maoni siku ya uchaguzi na siku tano kabla yake, kwa hiyo simu zetu za mwisho zilipigwa mwishoni mwa Julai. Tafiti zilizotajwa sana siku zile zilimweka Raila mbele kwa pointi kadhaa. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Wengi walihitimisha kwamba tulinunuliwa. Mimi nilikaa kwenye zile simu, najua tulivyosoma maswali, na naamini sehemu kubwa ya jibu iko kwa walionyamaza na kwa wale waliosema watapiga kura kisha wasijitokeze: waliopiga kura walikuwa kama asilimia 65 tu ya waliojiandikisha, ilhali kwenye simu ni nadra mtu kukuambia atabaki nyumbani.

Kwenye maoni yangu ya mwisho wa kazi niliandika kwamba kila ripoti ioneshe, karibu na kiwango cha makosa, nambari ngapi zilipigwa hadi kuwapata waliojibu, wangapi walikata, na wangapi walikataa kumtaja mgombea. Utafiti uliofuata niliopewa, ambao haukuwa wa siasa, fomu ya mhoji ilikuwa na nafasi ya kujaza yote matatu.