Siku yangu ya uzamivu: maganda ya korosho, chokaa na barafu ya samaki

Saa 11 alfajiri
Nikishaswali sirudi kitandani. Kabla joto la Novemba halijaishika Mtwara, ndio muda wangu wa kusoma makala na kuandika tasnifu. Nasomea shahada ya uzamivu ya kemia. Usajili wangu uko Dar es Salaam, lakini kazi nimeileta Kusini kwa kuwa ninachokichunguza kiko huku: mafuta mazito ya ganda la korosho. Nataka kujua joto la kabla ya kubangua linayabadilisha kiasi gani.

Saa 1 asubuhi
Nachukua bajaji hadi kwa akina mama wabanguaji. Wamekwisha kaa chini ya mwembe, magunia pembeni.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Umefuata taka zako?"

Hapa ndipo utafiti wangu unapoanzia, si maabara. Kundi moja hukaanga korosho kwenye bati juu ya moto wa kuni: ganda linatema mafuta, mafuta yanashika moto, na moshi wake unakereketa koo hadi machozi yatoke. Kundi la pili huzipika kwa mvuke kisha huzianika. Nachukua maganda ya pande zote mbili, kila mfuko na lebo yake: zimetoka shamba la wapi, zimekaa motoni muda gani, nani kazipika. Vidole vya mama aliye karibu nami vimebabuka na kuwa vyeusi, ingawa kajipaka majivu. Mafuta haya yanaunguza ngozi. Kila ninapoandika neno "sampuli" kwenye daftari nakumbuka vile vidole, na naona ni haki nivikumbuke.

Saa 3
Maabara. Navaa glavu, nasaga maganda, napima, napakia kwenye kifaa cha Soxhlet, chombo cha kioo cha kukamulia mafuta. Franz von Soxhlet alikieleza mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa, na hadi leo sijaona chenye subira kukishinda. Heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, inachemka kwenye nyuzi 69 hivi, mvuke unapanda, unapozwa, unadondokea kwenye unga wa maganda. Chumba cha kifaa kikijaa, heksani inashuka yote kwa mkupuo ikiwa imebeba mafuta, kisha mzunguko unaanza upya. Kwa saa kadhaa.

Kinachohitaji akili ni kupoza. Siwezi kutegemea bomba liwe na maji kutwa nzima, kwa hiyo pampu ndogo inazungusha maji ya ndoo yenye barafu, na barafu nainunua kwa wauza samaki. Heksani inawaka upesi mno. Mvuke wake usipopozwa sawasawa ni hatari, basi sitoki chumbani.

Saa 7
Mwenzangu anashika zamu, nami nakwenda kwa mama lishe. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, kipande cha changu. Dakika 20, narudi.

Saa 8 mchana
Sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mafuta niliyoyakamua jana nayayeyusha kwa asetoni, kisha natia hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimuliwa. Asidi ya anakadi, mojawapo ya kemikali za mafuta haya, inashikana na kalsiamu na kutuama kama mashapo. Kadanoli na kadoli, kemikali nyingine mbili za mafuta hayo, zinabaki kwenye kimiminika. Nachuja. Baadaye nitayaosha mashapo kwa asidi ya hidrokloriki ili asidi ya anakadi iachiwe huru.

Chupa ya maganda ya mvuke imejaa mashapo. Ya maganda ya kukaanga ina kidogo tu. Sababu inajulikana: asidi ya anakadi ikipata joto kali hupoteza kaboni dioksidi na kugeuka kadanoli. Lakini kuijua kwa kusoma ni kitu kimoja, na kuiona kwenye maganda ya korosho za Newala na Tandahimba, yaliyopikwa na watu ninaowasalimia, ni kingine kabisa.

Saa 10
Simu na msimamizi wangu. Profesa hataki kusikia asilimia yoyote kabla sijapima unyevu wa maganda, na yuko sahihi. Ananiuliza kwa nini nisitumie maganda ya kiwanda kimoja tu, yanayofanana. Namweleza kwamba nikifanya hivyo nitapata grafu nzuri isiyowahusu wabanguaji wa mtaani hata kidogo. Tunakubaliana: ya kiwandani yawe kipimo cha kulinganishia, ya mtaani yabaki kiini cha sura ya nne.

Saa 12 jioni
Napita tena kwa akina mama. Nawaonesha picha za zile chupa mbili kwenye simu. "Sasa hii ya mvuke ina bei?" mmoja anauliza. Nawaambia ukweli: asidi yake ikipashwa joto hugeuka kadanoli, na kadanoli inatumika viwandani kwenye rangi, gundi na breki za magari, lakini hapa hakuna wa kununua kwa ndoo. Korosho yetu nyingi bado inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda, ambalo ni kama asilimia 70 ya uzito wake, linaondoka nayo. Swali lake nimeliandika kama alivyolisema.

Saa 3 usiku
Naingiza vipimo kwenye kompyuta, kisha naanza jedwali la unyevu alilotaka Profesa. Kesho akina mama watanikaangia mafungu matatu, kila fungu kwa muda wake, na saa ya kupimia nitaishika mimi.